Anakimbia kampuni: kitenzi "run" na kauli yake iliyopotea

Ukisoma wasifu wa mfanyabiashara uliotafsiriwa na mashine, usishangae kukutana na sentensi kama hii: "Amekimbia kampuni hii kwa miaka 20." Mwandishi wa Kiingereza alitumia "run", ambayo ni kukimbia na pia kuendesha, na alikuwa anasifu. Msomaji wa Kiswahili anasikia shutuma. Kitenzi kukimbia kikishapewa yambwa, yaani kinachotendewa, huacha habari za mwendo wa kasi na kushika habari za kutoroka: aliyemkimbia mkewe amemtelekeza, aliyekimbia deni hajalilipa, na aliyekimbia kampuni kwa miaka 20 huenda wakaguzi wa hesabu bado wanamtafuta.

"Anakimbia urais", ya mtu ambaye kwa kweli anaugombea, ndiyo inayonichekesha zaidi. Picha inayonijia ni ya mtu anayebembelezwa na wazee ashike madaraka, naye kavua viatu anatokomea. Bora hata ingeandikwa "anakimbilia urais", maana hapo angalau uelekeo ungekuwa sahihi, ingawa ingebaki na harufu ya uchu.

Kazi yangu ni kutafsiri, na kwa uzoefu wangu maneno marefu ya Kiingereza hayamtesi mtu. Neno la kitaalamu lenye silabi 6 mara nyingi lina maana moja. Unafungua kamusi, unalikuta, unaendelea na kazi. Yanayotesa ni yale ya herufi 3: "get", "set", "put", na juu ya yote, "run". Haya kila mwanafunzi anadhani aliyamaliza shule ya msingi.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa kwa vipande kati ya mwaka 1884 na 1928, kwa miaka mingi ilikuwa na bingwa mwingine. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", likiwa na maana zaidi ya 400. Kisha wahariri wakaanza kuandika upya kamusi nzima kwa ajili ya toleo la tatu, na walipofika kwenye herufi R mmoja wao, Peter Gilliver, akakabidhiwa "run". Alikaa nayo miezi 9. Alipomaliza, kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645, na ubingwa ukabadilisha mikono mwaka 2011.

Namba hiyo hupendwa sana na watu wa mitandaoni. Mimi huipokea kwa tahadhari. Maana za neno hazihesabiki kama vile ng'ombe zizini. Anayehesabu ndiye anayeamua pa kukata. Mto ukitiririka na pua ikitiririka, hizo ni maana mbili au moja? Barabara inayopita bondeni na waya unaopita ukutani, je? Mhariri mmoja atazitenganisha kwa sababu ana mifano ya karne tofauti, mwingine ataziunganisha kwa sababu anaona mwendo ule ule. Kwa hiyo 645 inatueleza mengi kuhusu bidii ya mhariri na ukubwa wa jalada lake la mifano. Kuhusu kichwa cha msemaji inatueleza kidogo sana, kwani hakuna Mwingereza aliyekariri maana 645 na hakuna mtoto aliyefundishwa hata 20 kati yake. Wanalitumia tu, na linawatii.

Linawatiije? Nadhani jibu limo katika jambo ambalo sisi tunaotumia Kiswahili tuna bahati ya kuliona haraka kuliko wenye lugha yao.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na vitenzi viwili vya jamaa moja. Cha kwanza kilikuwa "rinnan", ambacho mara nyingi kiliandikwa "irnan", r na irabu zikiwa zimebadilishana nafasi. Kiingereza kina tabia hiyo: farasi, ambaye leo ni "horse", zamani alikuwa "hros", na ndege, "bird", alikuwa "brid". Hicho kitenzi cha kwanza kilikuwa na maana ya kwenda mbio, na pia ya kutiririka. Maji yalikuwamo tangu mwanzo. Cha pili kilikuwa "ærnan", maana yake kufanya kitu kiende mbio, hasa farasi.

Mtu aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili tayari ameshaona kilichopo hapa. Kukimbia na kukimbiza. Kwenda na kuendesha. Kutiririka na kutiririsha. Ni kauli ya kutenda na kauli ya kutendesha, zikiwa zimevaa nguo za kaskazini.

Wajerumani bado wanavyo vyote viwili. "Rinnen" kwao ni kutiririka au kuchuruzika. "Rennen" ni kukimbia, lakini kwa asili ilikuwa kauli ya kutendesha ya kile cha kwanza: mtu alikimbiza farasi, kisha farasi akaachwa nje ya sentensi, akabaki mtu anayekimbia mwenyewe. Waingereza wao walifika pengine. Chini ya msukumo wa lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia kisiwani humo, ambao nao walikuwa na jozi yao ya namna hiyo hiyo, vile vitenzi viwili vilisogeleana katika matamshi hadi vikawa kimoja. Irabu ya u ilitoka kwenye umbo la wakati uliopita na kutawala. Matokeo yake ni silabi moja inayobeba kauli mbili bila kiambishi wala alama yoyote ya kuzitofautisha.

Huku kwetu alama ipo, na hatuifikirii hata kidogo: sauti ya -sh- au -z- mwishoni mwa mzizi. Anayesema "gari linakwenda" na anayesema "ninaendesha gari" hawezi kuchanganywa. Kwa Kiingereza basi lina-"run" na kampuni ya mabasi ina-"run" mabasi hayo. Mashine ina-"run" na fundi ana-"run" mashine. Maji yana-"run" na mtu aliyefungua bomba ana-"run" maji. Msikilizaji hutegemea mpangilio wa maneno peke yake kujua nani anatenda na nani anatendeshwa.

Na "run" si kitenzi pekee kilichopitia hali hiyo. Kiingereza kilikuwa na jozi nyingi kama hizi, na baadhi zimesalia zikiwa zimetengana kidogo: "fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha mti, "lie" ni kulala, "lay" ni kulaza, "drink" ni kunywa, na "drench", ambayo leo ni kulowesha chapachapa, kwa asili ni kunywesha. "Sit" ni kuketi, na kauli yake ya kutendesha, yaani kuketisha, ni "set". Ndiyo, "set" yule yule bingwa wa zamani wa kamusi. Bingwa aliyeng'olewa ni kauli ya kutendesha iliyosahau asili yake, na aliyemng'oa ni kitenzi kilichomeza kauli yake ya kutendesha. Sidhani kama ni sadfa. Kitenzi kinachoweza kusema "kitu kinakwenda" na "ninakifanya kiende" kwa umbo lile lile kina milango miwili ya kuingizia maana mpya, wakati kitenzi cha kawaida kina mmoja.

Ukishaliona hilo, sehemu kubwa ya "run" inakuwa nyepesi. Swali la kwanza mbele ya sentensi yoyote ni: hapa tuko kwenye kutenda au kutendesha?

Upande wa kutenda, miguu ni sehemu ndogo. Kilicho kikubwa ni mwendo usiokatika. Mto, machozi, makamasi, jasho. Basi linalokwenda kila siku njia ile ile. Saa ya ukutani. Barabara inayopita kijijini. Mkataba wa miaka 2. Filamu ya dakika 90. Kipaji kilichomo katika ukoo. Kwa Kiswahili kila kimoja kina kitenzi chake, au hakina kabisa, kwa kuwa sisi tunaridhika kusema filamu ni ya dakika 90 na mkataba ni wa miaka 2. Mwingereza anaona mwendo pale ambapo sisi tunaona kipimo. Barabara tunaafikiana: kwetu nayo inapita, ingawa haijawahi kusogea hata hatua moja.

Waingereza wenyewe wana mzaha wa kitoto kuhusu hili. Wanasema mtu ambaye pua yake ina-"run" na miguu yake ina-"smell", yaani inanuka, huyo aliumbwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu kukimbia ni kazi ya miguu na kunusa ni kazi ya pua. Kwa Kiswahili mzaha huo unafia mlangoni. Kamasi inachuruzika, miguu inanuka, na kunusa kuna kitenzi chake, hakuna kilichochanganyika.

Upande wa kutendesha ndiko historia ilikojaa. Mabaharia waliliendesha jombo hadi likakwama mchangani, nao wakasema wamei-"run" meli ufukweni. Wasafirishaji wa magendo wali-"run" bidhaa, yaani walizipitisha kwa siri. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, meli nyepesi zilipenya mzingiro wa bandari za Kusini na wenyewe wakapata jina linalotokana na kitenzi hiki. Pombe ilipopigwa marufuku nchini humo, kati ya 1920 na 1933, waliokuwa wakiivusha kwa mashua waliitwa "rum-runners". Katika yote haya kuna mtu, kuna chombo au mzigo, na kuna mwendo ambao mtu huyo anausababisha.

Kisha zikaja mashine. Kinu cha maji kilikuwa "kinakwenda" maadamu maji yalikuwa yanakwenda, na mwenye kinu ndiye aliyekifanya kiende. Mvuke ukachukua nafasi ya maji, umeme ukachukua nafasi ya mvuke, na kitenzi kikabaki palepale. Kutoka kuendesha kiwanda hadi kuendesha biashara nzima ilikuwa hatua fupi, na Kiswahili kimeipita hatua hiyo hiyo kwa mguu wake chenyewe: tunaendesha gari, mtambo, kesi, mkutano, mafunzo, na kampuni. Gharama za uendeshaji ni tafsiri safi ya "running costs" bila mtu kukuna kichwa.

Kufanana huku kuna sehemu moja ambayo vitabu vya sarufi huiruka kwa heshima. Kwa Kiingereza cha mazungumzo, mtu mwenye "the runs" anaharisha. Kwa Kiswahili, mtu mwenye tumbo la kuendesha anaharisha pia. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua kitenzi kile kile wanachokitumia kwa mkurugenzi mkuu na kukipeleka chooni. Nimewahi kuona kichwa cha habari kuhusu kiongozi "anayeendesha kwa miaka 10", yambwa likiwa limedondoka kwa bahati mbaya, na nikamwonea huruma.

Kompyuta zilirithi kitenzi hicho kutoka kwenye mashine. Programu ina-"run", na mtumiaji ana-"run" programu. Kutenda na kutendesha, jozi ile ile. Watafsiri wa Kiswahili wamegawanyika kati ya kuendesha programu na kutekeleza programu. Mimi niko upande wa kuendesha. Kutekeleza kunafaa agizo moja linalotimizwa likaisha. Programu inayofanya kazi usiku kucha haitekelezwi, inaendeshwa. Ila ukifika upande wa kutenda, usiseme programu "inakwenda". Hapo "inafanya kazi" ndiyo lugha ya watu.

Kuna kitenzi kingine cha Kiswahili kinachosaidia kuliko kuendesha, na watafsiri wengi hawakifikirii: kupita, pamoja na kupitisha. Kupitisha mkono kwenye nywele, kupitisha macho kwenye barua, kupitisha waya chini ya zulia, kote huko Kiingereza kinasema "run". Hata ule usemi wa ofisini wa ku-"run" wazo "by" mkubwa, yaani kumwonesha kwanza kabla ya kuendelea, unakubali: mpitishie mkuu wako. Tazama viambishi vinavyofanya kazi hapo. Pita, pitisha, pitishia: kutenda, kutendesha, kutendea, vyote ndani ya neno moja. Kiingereza kilichopoteza viambishi vyake kinalazimika kuazima kijineno cha pembeni kufanya kazi hiyo.

Vijineno hivyo ndivyo vinavyowavunja moyo wanafunzi. "Run out", "run over", "run into", "run down", "run up", "run through". Sitavipitia kimoja kimoja, vitabu vya mazoezi vipo. Kimoja tu kinastahili maelezo, kwa sababu kinatumiwa kila siku na karibu kila mara hutafsiriwa kwa sentensi iliyopinda. "Run out" kwa Kiingereza hukubali mada mbili: mafuta yame-"run out", au sisi tume-"run out of" mafuta. Mtafsiri aliyebanwa na sentensi ya pili huandika "tumeishiwa na mafuta", na si kosa. Ila Kiswahili kina njia laini zaidi, inayoacha mafuta yawe mtendaji na sisi tuwe tunaopatwa: mafuta yametuishia. Muda umetuishia. Kauli ya kutendea imebeba hasara yote kwenye irabu moja.

Hadi hapa kipimo changu cha kutenda na kutendesha kinafanya kazi. Kikifika kwenye nomino kinaanza kulegea, na hapo ndipo neno linaponivutia zaidi, kwa kuwa nomino zinabeba kumbukumbu ya mbio ambazo hazikimbiwi tena.

Chukua kriketi, mchezo wa mpira na gongo. Alama ya kriketi inaitwa "run" kwa sababu wapigaji wawili hukimbia kubadilishana nafasi kwenye kiwanja chenye urefu wa yadi 22. Lakini mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa chini, timu inapewa 4 bila mtu kulazimika kukimbia. Ukivuka hewani, inapewa 6, na mpigaji anaweza kusimama ameegemea gongo lake akitazama. Zinahesabiwa zote kuwa "runs". Don Bradman wa Australia alimaliza michezo yake ya kimataifa akiwa na 6,996, wastani wa 99.94, na baadhi ya hizo alizipata bila kutokwa na jasho la miguu.

Au chukua benki. Wateja wakipoteza imani na benki wakataka fedha zao wote kwa pamoja, Kiingereza kinaita hali hiyo "a run on the bank", kwa kuwa zamani watu kweli walikimbilia mlangoni kabla fedha hazijaisha. Septemba 2007, nchini Uingereza, wateja wa Northern Rock walipanga foleni barabarani. Walikuwa wamesimama kwa utulivu mkubwa, na bado ilikuwa "run". Tarehe 9 Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Wengi wao walifanya hivyo kwa vidole, wakiwa wamekaa. Kesho yake benki ikafungwa. Hii kwa Kiswahili tunaweza kuipata vizuri kuliko tunavyodhani. Waandishi wa habari za uchumi huandika "wimbi la kutoa fedha", nami sina ugomvi nao, ila kukimbia kwetu, kule kwenye yambwa na kutoroka, kunafaa kabisa: wateja wameikimbia benki. Ile tafsiri ya mashine iliyokosea kwenye kampuni ingepata hapa.

Siasa ni mkasa mwingine. Mmarekani anayetaka uongozi hu-"run". Mwingereza anayetaka uongozi hu-"stand", anasimama. Wanatumia lugha moja, uchaguzi wa aina moja, na mmoja anakimbia mwenzake amesimama. Watu wamejaribu kuona humo tabia za mataifa, kwamba huyu ana pupa na yule anangoja aitwe. Mimi naona mazoea tu ya msamiati. Kiswahili kina kugombea na kuwania, vyote viwili vikikiri wazi kwamba kuna ugomvi na kuna kinachogombewa, na huo naona ni ukweli ambao Kiingereza kinauzunguka. Mgombea mwenza kwao ni "running mate", jina lililotoka kwenye mashindano ya farasi: farasi wa zizi moja anayeingizwa mbioni ili kumwekea mwenzake kasi, bila kutarajiwa kushinda. Wagombea wenza hawapendi kukumbushwa hilo. Mshindi wa pili naye, "runner-up", alikuwa mbwa. Ni msamiati wa mashindano ya mbwa wa kuwinda sungura, aliyeshindwa mara moja tu, kwenye fainali.

Maneno mengine yamefika mbali zaidi na chanzo chao. "Run of the mill" leo ni kitu cha kawaida kisicho na la kusifiwa. Zamani ni bidhaa ilivyotoka kiwandani kabla ya kuchambuliwa daraja la kwanza na la pili. "Cut and run", kuacha jambo na kuondoka haraka, ni ya mabaharia waliokata kamba ya nanga kwa sababu hawakuwa na muda wa kuivuta, wakaachia upepo uwapeleke. "Run the gauntlet", kupita katikati ya mashambulizi, haina uhusiano wowote na glovu, ingawa tahajia yake inadai hivyo: ni neno la Kiswidi lililoharibiwa, "gatlopp", mbio za kichochoroni. Ilikuwa adhabu ya kijeshi iliyojulikana kwa Waingereza wakati wa Vita ya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, ambapo askari aliyekosa alipitishwa katikati ya safu mbili za wenzake, kila mmoja akiwa na fimbo. Humo mbio zilikuwa za kweli, tena za kuokoa mgongo.

Mtu anaweza kuuliza kama Kiswahili hakina kitenzi chake cha aina hii. Kinacho, ni kupiga. Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, kura, hesabu, magoti, chafya, mluzi, soga, mnada, marufuku, na moyo konde. Mgeni anayejifunza lugha yetu anadhani ni watu wa vurugu. Lakini mfumo wake ni tofauti na wa "run". Kupiga chenyewe kimekwisha kuwa karibu tupu. Maana yote iko kwenye nomino inayofuata, na ukijua nomino umejua kitendo. Ndiyo maana kamusi zetu hazihangaiki kutoa maana mamia ya kupiga. Zinapanga tu misemo chini yake. "Run" hakijawahi kuwa tupu. Hata katika matumizi ya mbali kabisa, mwendo bado umo, na mtafsiri anayeutafuta mwendo huo huupata mara nyingi kabla ya kufungua kamusi.

Mara nyingi, lakini si zote. Mgonjwa kwa Kiingereza ana-"run" homa, na mimi sijui ni yeye anayeiendesha au ni homa inayomwendesha yeye. Mtu huweza ku-"run" hatari, nasi tunasema anajihatarisha, kitenzi kinachojirudi ambacho si kutenda wala kutendesha kwa maana niliyoeleza. Soksi ndefu za wanawake zikifumuka uzi mmoja ukashuka hadi kisiginoni, Wamarekani huuita mfumuko huo "run", Waingereza huuita ngazi, na wote wawili wana hoja. Siku 3 "running" ni siku 3 mfululizo. Hapo kitenzi kimegeuka kielezi na kujibandika nyuma ya nomino, kinyume na kawaida ya lugha hiyo ambayo huweka sifa mbele. Na anayechelewa, wanasema ana-"run late". Huyo ndiye ambaye kwa kweli angepaswa kukimbia, na bado, katika Kiswahili, hatumpi kitenzi chochote cha mwendo: anachelewa, basi.